Mwenye Mifupa Amesema Nini?

Ndugu zetu wasomaji, na hasa kina mama mnaolisoma jarida hili nyumbani pamoja na watoto, juma hili tunawaletea jambo lililotukuta huku Gatuanyaga, nje ya mji wa Thika, tunakosomesha madrasa. Ni jambo la safari ya matibabu. Safari hizi mnazijua. Mara kwa mara, baada ya sala ya Ijumaa, husomwa msikitini tangazo la mgonjwa anayechangiwa ili apelekwe India. Jina lake husomwa, maradhi yake husomwa, na kiasi cha fedha husomwa. Lakini mgonjwa anapokwenda kupandikizwa uboho, yuko mtu wa pili ambaye jina lake halisomwi, na bila yeye safari haina maana. Huyo ndiye tunayetaka kumzungumzia.

Familia tunayoisimulia asili yake ni Pwani. Baba alikuja Thika kutafuta riziki, nasi tukawa majirani. Mtoto wao wa kiume, mwenye umri wa miaka kumi, alizaliwa na selimundu, maradhi ambayo wengi wetu huyaita sikoseli. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni mviringo, hujikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo, na mtoto akakesha akilia kwa maumivu ya mifupa. Pwani na kando ya Ziwa Viktoria maradhi haya ni mengi kwa sababu ya malaria. Anayerithi kasoro hii kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, na kwa hiyo kasoro ikadumu katika vizazi vya watu wa nchi za mbu. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua.

Dawa za kupunguza makali zipo, na huwasaidia wengi. Ama kuung'oa ugonjwa, njia iliyojulikana kwa muda mrefu ni kupandikiza uboho, yaani ule ute laini ulio ndani ya mifupa, ambao ndio kiwanda cha damu. Kiwanda cha mgonjwa huvunjwa kwa dawa kali, kisha hutiliwa mshipani, mfano wa anayeongezwa damu, uboho wa mtu mwingine aliyeafikiana naye. Mmoja wa waasisi wa tiba hii, daktari wa Marekani E. Donnall Thomas, alianza katika miaka ya 1950 kwa wagonjwa waliokuwa na pacha wa kufanana, na mwaka 1990 alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1984 madaktari wa Memphis, Marekani, walieleza habari ya msichana aliyepandikizwa uboho kwa ajili ya saratani ya damu, na selimundu aliyokuwa nayo ikaondoka pia.

Ni tiba, basi, ambayo tangu mwanzo imesimama juu ya udugu. Mtoto huchukua nusu ya alama za mwili wake kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja katika nne ya kuafikiana kikamilifu na mgonjwa. Wazazi kwa kawaida huafikiana nusu tu. Ziko hospitali zinazotumia uboho wa nusu, lakini ndugu aliyeafikiana kikamilifu ndiye anayetangulizwa. Katika familia ile ndugu wa mgonjwa walikuwa wanne. Walipopimwa, aliyeafikiana alikuwa mmoja: dada mkubwa, binti wa miaka kumi na tisa, ambaye tulimsomesha tangu alifu na be.

Usiku mmoja baada ya Isha wazee wa pande zote mbili walikutana, nasi tukaalikwa. Ilizungumzwa michango, ikazungumzwa tiketi na chumba cha kupanga karibu na hospitali, kwa kuwa mgonjwa hukaa huko yapata miezi mitatu baada ya kupandikizwa ili madaktari wamwangalie. Ilizungumzwa chanjo ya homa ya manjano, ambayo India huidai kwa msafiri atokaye Kenya na ambayo sharti ichomwe siku kumi kabla ya kuingia. Nasi tukawakumbusha kuwa chanjo hiyo ina kirusi hai kilichodhoofishwa, hivyo daktari wa mtoto aulizwe kabla ya sindano. Kisha ami yake akasema, kama anayefunga hesabu, "Na uboho tunao. Dada yake yupo."

Binti alikuwa mlangoni, na sinia ya chai mkononi. Kabla hatujafungua kinywa, nyanya yake, mama mzaa baba, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akauliza, "Na mwenye mifupa amesema nini?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nyanya akamwita, akamketisha kando yake. Binti akatuelekea akasema, "Mwalimu, nina maswali matatu. Je, nitakatwa mfupa? Je, nitaweza kuzaa? Na ndugu yangu akifa, watu hawatasema ni uboho wangu uliomuua?"

Mawili ya kwanza yalikuwa ya daktari, na daktari aliyajibu baadaye. Mfupa haukatwi. Mtoaji hulazwa kwa dawa ya nusukaputi, uboho ukavutwa kwa sindano kutoka nyuma ya mfupa wa nyonga. Huamka na maumivu ya mgongo wa chini na uchovu, navyo hupungua kadiri siku zinavyopita, na mwili hukirejesha kilichotolewa ndani ya wiki chache. Hatari ipo, kama ilivyo katika kila kulazwa kwa nusukaputi, ila ni ndogo. Ama uzazi, wa mtoaji haudhuriki. Mwenye kuhofiwa uzazi ni mgonjwa, kwa zile dawa kali anazopewa, na wazazi wa mtoto wa kiume au wa kike wanapaswa kuliuliza hilo mapema.

Swali la tatu lilikuwa letu sote mle chumbani, na lilikuwa zito kuliko michango. Tiba hii haina dhamana. Mwili wa mgonjwa unaweza kuukataa uboho mgeni, au uboho mgeni ukaushambulia mwili, au maradhi ya kuambukiza yakamkuta wakati hana kinga. Wengi hupona, hasa watoto wanaopewa uboho na ndugu aliyeafikiana nao, lakini wako wasiorudi. Binti alilijua hilo. Alichokiogopa hakikuwa sindano. Aliogopa kurudi Gatuanyaga na jeneza, kisha aishi miaka hamsini katika nyumba ambayo kila mtu anamtazama kwa jicho moja.

Tukawaeleza wazee hukumu kama tulivyoisoma. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha nne kilichofanyika Jeddah mwezi wa Februari 1988, liliruhusu kuhamisha kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kile kinachojirejesha chenyewe mwilini, mfano wa damu na ngozi, kwa sharti kwamba mtoaji ni mtu aliyekamilika kustahiki kwake kisheria. Uboho nao hujirejesha. Na maana ya kustahiki ni kuwa mtu ana ulimi wa kusema ndiyo na ana ulimi wa kusema la. Ikiwa hana nafasi ya kusema la, ile ndiyo yake haina uzito. Aya ya 32 ya Suratul Maida, inayotaja fadhila ya kuihuisha nafsi moja, ni ya kumtia moyo mwenye kutoa. Hatukupewa tuifanye kamba ya kumfunga. Na pale ndugu aliyeafikiana ni mtoto mdogo, jambo huwa zito zaidi, na familia haina budi kumwendea mwanachuoni na daktari pamoja kabla ya kukata shauri.

Kina mama walituuliza pia kama uboho huleta umaharimu, iwapo mtoaji si ndugu. Hauleti. Udugu wa kunyonya ni wa maziwa, katika umri wake na kwa masharti yake. Wanazuoni hawakuiambatisha damu na hukumu hiyo, na uboho ni asili ya damu, hata kama damu ya aliyepandikizwa hugeuka ikawa ya kundi la yule aliyempa.

Baada ya hapo yalifanyika mambo matatu, na hayo ndiyo tunayotaka mjifunze. La kwanza, binti alipewa juma zima, na daktari akazungumza naye peke yake, wazazi wakiwa nje, ili akitaka kukataa akatae bila ya kutazamwa na mtu. La pili, nyanya aliitaka ile karatasi ya hesabu isomwe tena, ikaonekana haina fungu la mtoaji: chakula chake, mapumziko yake, kupimwa kwake baada ya kurudi. Likaongezwa. La tatu, na kwetu ndilo kubwa, baba alisimama mbele ya wazee wale wale, mkono wake begani kwa bintiye, akasema, "Mwanangu, ukikataa, wewe ni mwanangu. Ukikubali na Mola akamchukua ndugu yako, basi Mola ndiye aliyemchukua. Atakayekunyooshea kidole, ugomvi wake ni nami." Ami yake akasema amina, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Siku ya saba binti alikubali. Waliondoka watatu, mama na watoto wawili. Uboho umekwisha kutolewa na mtoto ametiliwa. Hivi sasa wamo katika zile siku za kungojea, na kila asubuhi hupimwa damu yake. Dada yake hutembea vyema. Habari ya mwisho iko kwa Mwenyezi Mungu.

Kwa wale ambao India ni mbali na mfuko wao, tunawakumbusha kuwa tiba hii imeanza kusogea. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza uboho mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza watoto wenye selimundu. Ulizeni huko kabla ya kuuza shamba.

Lakini iwe Dodoma au Chennai, kina mama, ninyi ndio mnaoyajua ya ndani ya nyumba zenu. Mnamjua mtoto asemaye ndiyo kwa kuwa anataka, na mnamjua asemaye ndiyo kwa kuwa anaogopa. Mkaapo kuhesabu fedha za safari, muiteni mtoaji aketi, mumuulize, kisha mnyamaze mpaka amalize kusema. Na ahadi ya kutomlaumu itolewe kabla ya ndege kuruka, kwa sababu baada ya msiba haitakuwa na nguvu ile ile.

Mola amponye mtoto wetu, amhifadhi dada yake, awarudishe wote salama kwa nyanya yao, na awape subira wote wanaouguza. Amin.