Hizbu: Jina na Wenyewe

Katika zama za siasa, nilipokuwa mtoto Ng'ambo ya mji wa Unguja, mtu akiulizwa chama chake hakusitasita kujibu kuwa yeye ni Hizbu, tena kwa fahari, kama ambavyo jirani yake alivyojibu kuwa yeye ni Afro, yaani wa chama cha Afro-Shirazi. Chama cha Hizbu, kilichoandikwa katika daftari za Serikali kwa jina la Zanzibar Nationalist Party, kilisimama mwaka 1955. Na ijapokuwa wengi hudhani kuwa kilianzia katika mabaraza ya mabwana wa Mji Mkongwe, asili yake ilikuwa kwa wakulima wa Kiembesamaki, ambao mwaka 1951 walikataa ng'ombe wao wasichanjwe kwa amri, wakakamatwa, na damu ikamwagika mbele ya jela.

Baada ya uchaguzi wa 1957, ambao Hizbu haikupata hata kiti kimoja, fitina iliingia majumbani. Mtaani petu palikuwa na maduka mawili, la Afro na la Hizbu, na mama yangu, ambaye siasa haikumhusu ndewe wala sikio, aliliacha lililo mlangoni pake akaenda la mbali kununua kibaba cha mchele, kwa kuchelea maneno ya mashoga zake. Watu walisusiana hata maziko, jambo ambalo kwangu lilikuwa ovu kuliko matusi yote ya majukwaani.

Yalipotokea Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, fahari iligeuka tuhuma. Kadi zenye picha ya jogoo zilichomwa mekoni usiku, na jina likawa la kunong'onwa, likitajwa zaidi na mshitaki kuliko mwenyewe.

Nilidhani litakufa pamoja na wazee wake. Kumbe vyama vingi viliporudi mwaka 1992, walivikwa jina hilo wafuasi wa CUF, vijana waliozaliwa chama chenyewe kimekwisha kupigwa marufuku. Hata kiongozi wao, Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Waziri Kiongozi kwa tiketi ya CCM tangu 1984 hadi 1988, hakusalimika. Kwa dhana yangu, tangu hapo halikuwa tena jina la chama, bali la nasaba ya kubuni. Baada ya kura ya maoni ya Julai 2010, iliyoleta Serikali ya Umoja wa Kitaifa, lilipungua majukwaani. Ulipofutwa uchaguzi wa Oktoba 2015, nikalisikia tena barazani, likitamkwa kwa ghadhabu na kijana ambaye hata babu yake sidhani kama aliwahi kupiga kura kabla ya Mapinduzi.