Gari la Miaka Arobaini



Juma hili nataka tuzungumze juu ya gari, ingawa wengi wetu hatuna hata moja. Nina mdogo wangu anayeishi London, kule Uingereza. Anafanya kazi ya usafi usiku, na ndiye anayelipa minervali ya watoto watatu wa nyumbani kwetu walio sekondari. Mwaka huu pesa zilianza kuchelewa. Nilipomuuliza, hakusema ugonjwa wala kuachishwa kazi. Alisema, «Yaya, ni gari.»

London ina sheria juu ya moshi. Tangu tarehe 8 Aprili 2019, gari linalotoa moshi mchafu kupita kiasi kilichowekwa hulipishwa kila siku linapotembea katikati ya mji. Tarehe 29 Agosti 2023 sheria hiyo ilienezwa katika mitaa yote ya London. Malipo ni paundi 12 na nusu kwa siku. Kamera zinasoma namba ya gari, na asiyelipa anatozwa faini ya paundi 180. Gari la mdogo wangu ni la dizeli, ile tunayoiita mazutu, na ni la zamani kidogo. Kwa hiyo analipa.

Siku kule huhesabiwa toka saa sita ya usiku mpaka saa sita ya usiku. Yeye anatoka nyumbani jioni na kurudi asubuhi. Akifanya kazi usiku tano mfululizo, amegusa siku sita. Sita mara 12 na nusu ni paundi 75 kwa juma, na kwa majuma manne ni paundi 300. Niliandika hesabu hiyo ubaoni kwangu nyumbani, mama yetu akaitazama, akanyamaza.

Rafiki zake wakamwambia kuna mlango wa kutokea. Gari lililoundwa zaidi ya miaka 40 iliyopita, likiandikishwa kama gari la kihistoria na lisitumiwe kwa biashara, halilipi kitu. Akapata moja la kuuzwa, zuri, la rangi ya kijani. Akaniuliza mambo mawili: je, alinunue? Na lile la mazutu, je, atutumie huku Masisi liwe gari la nyumbani?

Mama alifurahi sana kwa lile swali la pili. Miguu yake inamsumbua, na kila akienda kituo cha afya anapanda moto kwenye njia hii yetu ya matope. Nikaomba siku chache za kusoma na kuuliza kabla ya kujibu.

Kwanza nilitaka kujua kwa nini London inalipisha moshi. Nilikuta habari za mtoto. Mwezi wa Februari 2013, msichana wa miaka 9 jina lake Ella Adoo-Kissi-Debrah alikufa kwa pumu. Aliishi Lewisham, upande wa kusini-mashariki wa London, karibu na barabara kubwa yenye magari mengi. Mama yake, Rosamund, alikuwa mwalimu. Hakukubali kuambiwa kwamba ni pumu tu. Alipigania jambo hilo miaka mingi, na Desemba 2020 afisa wa sheria anayechunguza vifo alitamka kwamba hewa chafu ilichangia kumuua mtoto yule. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kuandikwa katika cheti cha kifo kule Uingereza. Malipo yalikuwa yamekwisha kuanza zaidi ya mwaka mmoja kabla ya hukumu, lakini jina la Ella ndilo linalotajwa kila watu wanapouliza yana faida gani.

Basi mbona magari ya miaka 40, yenye moshi mwingi kuliko mengine, yanasamehewa? Ni kwa sababu ni machache na hayatembei sana. Mwenye nalo hulitoa Jumapili wakati wa jua, akalipangusa na kulirudisha. Msamaha ulitolewa kwa gari linalopumzika. Mdogo wangu alitaka kulitumia gari la kupumzika kwa kazi ya kila usiku.

Nikaona pia mambo matatu yanayomhusu kila mama. La kwanza, gari la miaka 40 kule halilazimishwi tena kupimwa na fundi aliyeidhinishwa na serikali kila mwaka, likiwa halikubadilishwa sana. Mnunuzi husikia hilo kama faida. Mimi nilisikia kwamba labda hakuna aliyetazama breki zake kwa muda mrefu. La pili, magari mengi ya wakati ule hayana mikanda kwenye kiti cha nyuma. Sheria ya kule inasema kwamba gari lililoundwa bila mikanda haliruhusiwi kubeba mtoto aliye chini ya miaka 3, na mkubwa kuliko huyo anakaa nyuma tu. Mdogo wangu ana mtoto wa miaka 2! La tatu, bima ya magari ya kale mara nyingi huweka mpaka wa kilomita kwa mwaka, na nyingine hazikubali gari litumike kwenda kazini.

Halafu nikakuta jambo ambalo rafiki zake hawakumwambia. Kukwepa malipo hakuhitaji gari la kale. Gari la petroli, ile esansi yetu, lililoandikishwa toka mwaka 2006 kwa kawaida limo ndani ya kiasi kinachotakiwa na halilipi. La dizeli ndilo linalotakiwa liwe jipya zaidi, toka Septemba 2015 hivi. Tena mji umeweka mahali katika intaneti pa kuandika namba ya gari na kuona kama linalipa, kabla mtu hajatoa hata paundi moja. Gari dogo la esansi lenye miaka 15 halina sifa mbele ya rafiki, lakini linafika kazini na linarudi.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu jibu lake lilikuwa mikononi mwetu.

Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilitoa ripoti mwaka 2020. Lilisema kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa toka Ulaya, Marekani na Japani kwenda nchi nyingine, na sehemu kubwa ilifika Afrika. Mji wa tajiri unapokataa moshi, moshi ule haufi. Unapandishwa meli. Gari ambalo London inalipisha paundi 12 na nusu kwa siku ili lisimdhuru mtoto wa Lewisham, huku lingepita bure mbele ya watoto wangu wa darasa la tatu, wanaotembea kando ya njia asubuhi, vitabu kichwani. Mwaka 2012 shirika la afya la dunia, kupitia wataalamu wake wa kansa, lilitamka kwamba moshi wa dizeli unaleta kansa. Vifua vya watoto wetu vimekwisha kubeba moshi wa jikoni na wa makala.

Msinielewe vibaya. Sisemi gari la zamani ni baya. Zile Land Rover na Land Cruiser za zamani zinazopanda toka Sake mpaka Masisi-Centre na viazi, maharagi na fromage ndizo zinatuwezesha kuuza Goma. Wenzetu wa Walikale wanajua kwamba gari lisilo na kompyuta ndani, fundi wa kijiji analifungua chini ya mti na kulitengeneza. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini gari la mdogo wangu si la namna hiyo. Ni gari la chini la lami, usukani uko kulia wakati Kongo tunatembea upande wa kulia, kwa hiyo dereva hawezi kuona vizuri anapotaka kupita lori. Ndani ya bomba la moshi kuna chujio linalotaka mafuta safi na mwendo mrefu wa kasi. Kwenye matope yetu lingeziba, fundi angelitoa, na moshi wote ungetoka.

Nilimwandikia hivi: usinunue la kijani. Tafuta dogo la esansi, andika namba yake kwanza, angalia mikanda ya nyuma. La mazutu usitutumie. Peleka kwa wanaovunja magari na kuuza chuma.

Mama alikaa siku mbili bila kunisemesha vizuri. Sikumlaumu. Ni yeye anayepanda moto na miguu ile, si mimi, na nyumbani kwetu hatujawahi kuwa na gari. Siku ya tatu akaniuliza kama minervali itakuja kwa wakati. Nikamwambia itakuja. Akasema, «Basi nitapanda moto.»

Najua vikundi vyetu viwili vinaweka akiba ili vinunue gari la kubebea mavuno. Kabla hamjatoa pesa, liwasheni gari asubuhi likiwa baridi na mtazame moshi: mweusi unaoendelea au wa buluu ni ishara ya mashini iliyochoka. Simameni kwenye mteremko mjaribu breki. Ulizeni kama fundi wa hapa anaweza kulitengeneza na kama vipuri vinapatikana Goma. Na mkishalinunua, lisiachwe likinguruma mbele ya masomo wala mbele ya maternite. Kuzima mashini hakuna bei.

Mwenye maswali aniletee mkutanoni. Jumapili njema, wamama.