Mvuvi Aliyeufukizia Wavu Uvumba

Katika sura ya kwanza ya kitabu cha Habakuki yupo mvuvi ambaye ni nadra kumsikia akihubiriwa, ingawa nyavu zimejaa katika mahubiri yetu. Anavua kwa ndoana, anavua kwa wavu, anavua kwa juya, na kila anachokitupa majini kinarudi kimejaa. Chakula chake kimenona. Basi anautolea wavu wake sadaka na kulifukizia juya lake uvumba. Haulizi nani aliyewaumba samaki wala nani aliyelijaza ziwa. Anachojua ni kwamba wavu ndio uliomlisha.

Nabii hakuwa akizungumzia uvuvi. Mvuvi wake ni Mkaldayo, jeshi la Babeli lililokuwa likizoa mataifa, na Habakuki anamuuliza Mungu kwa uchungu mambo haya yataendelea hadi lini. Picha yenyewe ilikuwa ya kale sana katika nchi za Frati na Tigri. Kwenye makumbusho ya Louvre, Paris, kuna vipande vya jiwe la ushindi la Eannatum, mfalme wa Lagash, lenye umri wa zaidi ya miaka 4,000. Mungu wa mji amechorwa juu yake akiwa na rungu mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika wavu uliosheheni maadui waliobanana. Mmoja wao ametokeza kichwa nje ya wavu, na rungu limemshukia.

Manabii wengine nao hawakuviona vyombo vya uvuvi kwa jicho la upole. Amosi anawaambia wanawake matajiri wa Samaria kwamba watakokotwa kwa ndoana. Ezekieli anaona ndoana katika mataya ya Farao. Yeremia anatangaza kwamba wavuvi wengi watatumwa kuwavua watu wa Yuda, na hiyo ni habari ya hukumu. Kwa hiyo Simoni Petro alipoambiwa kando ya ziwa kwamba atakuwa mvuvi wa watu, maneno hayo hayakuwa matamu kama yanavyoimbwa na watoto wa shule ya Jumapili. Kwa mtu aliyelelewa na maandiko ya manabii, kuvua watu ilikuwa kazi ya majeshi. Yesu aliichukua lugha ya vitisho akaiweka mikononi mwa watu ambao baadaye aliwatuma bila hata fimbo wala mkoba.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mvuvi wa Habakuki nimekutana naye kazini. Ibada ya wavu haianzi kwa uvumba, huanza kwa shukrani iliyokosea mlango. Shule moja niliyofundisha ilianza kufaulisha vizuri baada ya kuweka majaribio kila Jumamosi. Tukashukuru, na ilikuwa haki kushukuru. Mwaka uliofuata majaribio yakaongezwa, michezo ikafutwa, na mtu akihoji anaonyeshwa karatasi ya matokeo iliyobandikwa ukutani ofisini. Kisha wazazi wa watoto wazito wa kuelewa wakaanza kuitwa mmoja mmoja na kushauriwa wawatafutie watoto wao shule nyingine, ili wastani usishuke. Namkumbuka mama mmoja aliyetoka katika kikao cha namna hiyo, amemshika mwanawe mkono, madaftari yote ya mtoto yamefungwa pamoja kwa kipande cha kanga. Hakusema neno. Siku hiyo nilimwelewa Habakuki kuliko nilivyowahi kumwelewa kanisani: anayeuabudu wavu hatimaye huwaona watu kuwa mavuno tu, na wasiotia uzito wa kutosha huwatupa.

Wavuvi wa Galilaya walikaa na nyavu zao kwa namna nyingine. Katika Luka 5 sote tunakimbilia muujiza wa samaki wengi, lakini kabla yake kuna wanaume waliokesha bila kupata kitu, nao wameshuka chomboni wanaosha nyavu. Ziwa lao ni la maji baridi, urefu wake kama kilomita 21 na upana kama 13, na liko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari. Nyavu zilikuwa za kitani. Mchana samaki huziona nyuzi, ndiyo maana walivua usiku, na asubuhi nyuzi hizo zilipaswa kusafishwa matope na majani kisha kuanikwa, la sivyo zinaoza. Mendel Nun, mvuvi wa Ein Gev aliyetumia maisha yake kando ya ziwa hilo akikusanya mawe ya kale ya kuzamishia nyavu na kuandika jinsi zilivyotumika, aliieleza vizuri kazi hiyo ya asubuhi.

Wavu uliorudi mtupu huchafuka sawasawa na uliorudi umejaa. Simoni alikuwa na usingizi, ameambulia patupu, na bado ilimbidi auoshe. Hakuna aliyemsifu kwa hilo. Lakini Yesu alipomwambia asogee kilindini, wavu ulikuwa tayari.

Nimekulia Ukerewe, ambako baba mdogo alikuwa na mtumbwi na nyavu za makila. Za kwake zilikuwa za nailoni, haziozi, ila kila siku zilikuwa na matundu: leo mamba, kesho kisiki, keshokutwa sangara mzito kuliko uzi. Alikuwa akikaa mwaloni, ncha ya wavu ameibana kwa kidole gumba cha mguu, sindano ya mti iliyosokotewa uzi mkono wa kulia, na kibao chembamba cha kupimia jicho mkono wa kushoto. Kilichonishangaza utotoni ni kwamba hakuanza kwa kushona. Alianza kwa wembe, akikata pembezoni mwa tundu mpaka likawa kubwa zaidi.

“Baba mdogo, mbona unazidi kulitoboa?”

“Mwanangu, uzi uliochoka haushiki fundo. Natafuta uzima ulipo.”

Alikata hadi akafika kwenye fundo lililo imara, ndipo akaanza kuunga jicho kwa jicho. Nimeona ndoa zikipatanishwa na wazee waliokuwa na haraka ya kushona juu ya uzi uliochoka, na nimeona upatanisho ulioanza kwa wiki kadhaa za maneno machungu, kila mmoja akisema yote. Wa pili ndio uliodumu.

Juya ni habari nyingine. Kwetu linajulikana kwa jina la kokoro, nalo limepigwa marufuku Ziwa Victoria kwa sababu halichagui: linakokota wakubwa, wachanga na mazalia yao. Katika Mathayo 13, Yesu anatumia sifa hiyohiyo ya kutochagua kuueleza ufalme wa mbinguni. Miongoni mwa waliokokotwa Galilaya ni kambale, samaki wa aina ileile tunayemla sisi, ila kwa Myahudi hakufaa, maana hana magamba na sheria ya Walawi inamkataza. Sato wao, aliye wa jamii moja na sato wetu, alikwenda sokoni. Lakini tazama kuchambua kunafanyika wapi. Juya linavutwa hadi ufukweni, watu wanaketi chini, ndipo wanaanza kutenga. Majini hakuna anayetenga. Na Yesu akilieleza fumbo lake anawapa kazi hiyo malaika, mwisho wa dunia. Ile shule yetu ilikuwa ikichambua kilindini, watoto wa miaka kumi, kazi ambayo hata mitume hawakupewa.

Ndoana katika Injili inatajwa mara moja tu. Petro anatumwa ziwani atupe ndoana, na samaki wa kwanza ana sarafu mdomoni inayotosha kodi ya hekalu ya watu wawili, Yesu na yeye. Chuma kilekile ambacho Amosi alikitumia kutishia mateka hapa kinalipa deni dogo la siku hiyo, wala hakuna dalili kwamba Petro aliambiwa atupe tena.

Anayenishughulisha zaidi katika habari hizi zote ni Zebedayo. Wanawe, Yakobo na Yohana, waliitwa wakiwa chomboni pamoja naye, wakizitengeneza nyavu. Wakaondoka. Marko anaongeza kwamba baba alibaki na watu wa mshahara. Mahubiri huwafuata vijana barabarani, na ni sawa, lakini mtu mzima ameachwa na kazi iliyofika nusu. Wavuvi wa ziwa lile hawakuwa watu wa kutupa vitu. Mwaka 1986 ukame ulipolishusha ziwa, ndugu wawili wa Ginosar waliona matopeni mashua ya zama zilezile za Injili, urefu wake zaidi ya mita 8. Wataalamu walihesabu ndani yake zaidi ya aina 10 za mbao, nyingine zikiwa viraka vilivyotolewa kwenye vyombo vikuukuu, na kabla ya kuzamishwa ilikuwa imeng'olewa sehemu zilizofaa kutumika tena. Mtu wa ufukwe huo alijua kukitunza chombo miaka na miaka bila kukipigia magoti.

Sasa soma Yohana 21. Yesu amekwisha kufufuka, na Petro anasema anakwenda kuvua. Wanafunzi wengine sita wanafuatana naye, wana wa Zebedayo wakiwemo. Usiku huohuo wanapanda chomboni, na wavu upo. Alfajiri unajaa samaki wakubwa 153, na mwandishi anasisitiza kwamba haukupasuka. Katika Luka 5 nyavu zilianza kukatika kwa uzito wa namna hiyo.

Kitani hakisubiri miaka kadhaa kikiwa kimetupwa pembeni. Wakati vijana wakitembea Galilaya na Uyahudi, wakibishana njiani nani aliye mkubwa, kuna mtu aliyeendelea kuosha, kuanika na kuziba matundu ya nyavu ambazo wenyewe walikuwa wameziacha. Maandiko hayamtaji. Kwangu mimi ni Zebedayo, pamoja na wale watu wa mshahara ambao hata majina hatukupewa, na kila mwaka mchungaji anapotangaza Jumapili ya wainjilisti, mimi humwomba tuwaite mbele pia wazazi wao.