Mkimbiaji Asiyeuona Ubao

Likizo iliyopita nilikwenda Dongobesh kumwona dada yangu, nikamkuta mpwa wangu wa miaka 13 amefunga miwani yake kwa uzi wa kushonea magunia ya vitunguu. Uzi ulikuwa umemchubua nyuma ya masikio. "Shikamoo mjomba. Nisipoifunga hivi, inaanguka nikikimbia."

Mwaka mzima aliadhibiwa kwa kutomaliza kunakili kazi za ubaoni, kabla mtu yeyote hajafikiri kumpima macho. Miwani ilipopatikana na kuvunjika mara mbili uwanjani, aliambiwa achague: miwani au mbio. Katika nchi hii ya Mbulu, iliyomlea John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 huku ameumia goti, kumwambia mtoto aache mbio si neno dogo.

Nilikuwa na jibu mfukoni, au nilidhani hivyo. Mwenzangu anayefundisha ng'ambo alikuwa amenieleza habari za lenzi ngumu ambazo mtoto huzivaa usingizini. Usiku kucha hubadili umbo la konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Asubuhi huzivua, akaona mbali mchana kutwa bila miwani. Tena utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika miaka miwili, macho ya watoto waliozivaa yalirefuka kwa kasi ndogo kwa 43% kuliko ya waliovaa miwani ya kawaida. Nilikwisha kuanza kuupigia hesabu mshahara wangu.

Dada alinisikiliza huku akimenya vitunguu saumu. "Kaka, zinaoshwa kwa nini?"

Nikamjibu: kwa dawa maalumu, kamwe si kwa maji ya kawaida, kwani humo huweza kuwamo vijidudu vinavyotoboa vidonda katika konea. Akaitazama ndoo, kisha mikono yake. "Na jicho likiwa jekundu usiku, tunakimbilia kwa nani?"

Sikuwa na jibu.

Tusijidanganye kwamba kikwazo ni ughali wa lenzi pekee. Katika utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008, wanafunzi waliopewa miwani bure waliokutwa nayo shuleni baada ya miezi mitatu walikuwa 47%. Waliopewa cheti tu cha kwenda kununua, 26%. Hiyo ni Dar es Salaam, penye maduka ya miwani.

Linaloniudhi zaidi ni lile chaguo alilopewa. Taiwan, tangu mwaka 2010, inahimiza shule ziwatoe watoto nje dakika 120 kila siku, kwa sababu mwanga wa mchana hupunguza uwezekano wa mtoto kuanza kupoteza uono wa mbali. Sisi tunawafungia katika kambi za mitihani hadi usiku, halafu mkimbiaji ndiye anayeambiwa atulie.

Nilimnunulia fremu ya plastiki na mkanda wa mpira. Nikamwandikia mwalimu mkuu barua mbili: mtoto akae dawati la mbele, na aruhusiwe kukimbia na miwani yake. La kwanza lilikubaliwa siku ileile. La pili, niliambiwa, litapelekwa kikaoni.

Jioni mtoto alirudi na vumbi tele, akaifuta miwani kwa pindo la shati. Nilitaka kumkanya, nikanyamaza.