Chetezo na Kifua cha Mtoto

Kwetu Alhamisi jioni haikupita bila ya chetezo kuwaka. Ubani ulifukizwa ukumbini, udi chumbani, na nguo za Ijumaa zikapitishwa juu ya moshi. Ndivyo tulivyolelewa na mama zetu, nasi tukadhani kuwa kilicho kizuri puani hakiwezi kudhuru kifuani.

Kisha binti yetu, mwenye umri wa miaka 6, akaanza kukohoa usiku. Tukasema ni baridi ya kusi. Bibi yake akamkanda kwa mafuta ya nazi, tukaridhika. Usiku mmoja, Alhamisi hiyo hiyo, tulimkuta ameketi kitandani, mabega yakipanda na kushuka, kifua kikilia filimbi, asiweze kutamka maneno mawili mfululizo.

Daktari alipotaja pumu, tuliona haya kabla ya kuona hofu. Twakiri hilo leo. Mtoto wa miaka 6, nasi tulikuwa tukiwaza nani atakuja kumposa!

Tulielezwa kuwa njia za hewa za mwenye pumu huweza kuwa na uvimbe ndani hata anapocheza na kucheka. Zikikutana na moshi, vumbi au mafua, misuli inayozizunguka hujikaza, na makohozi huzidi. Kwa hiyo tulipewa vibomba viwili vya dawa: kimoja cha kufungua njia upesi anapobanwa, cha pili cha kuvuta kila siku ili kutuliza uvimbe. Hicho cha pili tulikiacha baada ya wiki 2, kwa kuwa jirani alituonya kuwa mtoto "atakizoea". Dawa ile haimfanyi mtu mtumwa wake. Kuiacha ndiko kulikomrudisha binti yetu hospitalini.

Safari hiyo muuguzi alitufunza kutumia chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa kadiri ya mdomo wa kibomba na kuzibwa vizuri pembeni. Dawa hupulizwa ndani, naye mtoto hupumua polepole kwenye mdomo wa chupa. Tuliiona hila ya kimaskini. Kumbe watafiti wa Cape Town walikwisha kuipima, na mwaka 1999 wakatangaza kuwa chupa iliyozibwa hivyo iliwafaa watoto sawa na kifaa cha dukani.

Lililobaki gumu lilikuwa chetezo. "Wanangu, nyumba bila ubani ni nyumba hiyo?" aliuliza bibi. Hatukuwa na jawabu la adabu. Lakini usiku ule wa pili yeye ndiye aliyempakata mjukuu wake njiani, sikio lake likiwa juu ya kifua kile. Alhamisi iliyofuata alikiinua chetezo mwenyewe, akakitoa uani, akafukizia nguo zake huko na mlango umefungwa.

Siku hizi ukumbini hunukia asumini peke yake. Bibi huitunga kila jioni, na kila jioni humtazama mtoto kwanza, asije nayo ikamkohoza.