Kivuko cha Kashi

Katika Kisanskriti mahali pa kuhiji huitwa tirtha, na maana ya asili ya neno hilo ni mahali pa kuvukia mto. Nililijua vitabuni miaka mingi kabla ya kufika Kashi, mji wa Bara Hindi ambao jina lake rasmi ni Varanasi. Mimi si Mhindu wala sikwenda kuhiji. Niliitwa na mkutano wa wasomi.

Mji umejengwa juu ya ukingo mmoja wa Ganges. Ng'ambo ya pili ni mchanga mtupu. Ngazi za mawe, zaidi ya 80, hushuka mpaka majini. Hekalu la Shiva liitwalo Vishwanath lilijengwa upya katika mwaka wa 1780 kwa amri ya Malkia Ahilyabai Holkar, baada ya lile lililotangulia kubomolewa katika mwaka wa 1669 kwa amri ya Mfalme Aurangzeb. Nililizuru, lakini nakiri kuwa moyo wangu ulibaki Manikarnika, penye ngazi ambako maiti huchomwa usiku na mchana.

Wahindu huamini kwamba mtu afaye Kashi hunong'onezwa sikioni na Shiva mwenyewe neno la kumvusha, naye hazaliwi tena ulimwenguni. Kwa hiyo wako wagonjwa waletwao huko si kwa kutafuta dawa, bali kwa kungojea mauti, na zimejengwa nyumba za kuwapokea. Wageni wengine husema huko ni kukata tamaa. Sikuona hivyo.

Mwalimu mwenyeji wangu alinipeleka katika nyumba moja ya namna hiyo. Mwanamume wa umri wangu alikuwa akimnywesha mama yake maji ya mto kwa kijiko, tone kwa tone. Ilikuwa siku yao ya tisa. Aliniuliza, kwa ulimi wa mwalimu, kama mama yangu yu hai. Nilimjibu kuwa alifariki nilipokuwa ughaibuni nikiandika tasnifu ya udaktari, na kwamba barua ya msiba ilinifikia baada ya maziko. Sikumwambia kuwa niliweza kurudi mapema, nikachagua kumaliza sura ya mwisho.

Hakunipa pole. Alisogea kidogo mkekani, nikaketi kando yake mpaka taa zilipowashwa.