Kabla hamjamnyang'anya baba funguo za gari

Ilikuwa saa moja na nusu usiku. Tulikuwa tumeshavuka daraja la Mto Mara, tukitokea Tarime kwenda Mugumu, wilayani Serengeti. Baba alishika usukani, mimi nilikaa pembeni yake, na mtoto wa dada yangu mwenye miaka minne alikuwa amelala kiti cha nyuma.

Ghafla niliona macho ya ng'ombe yakimeta gizani. Kundi zima lilikuwa linakatiza barabara, na kijana aliyelichunga ameinua fimbo akitupungia tusimame. Baba hakuwa amewaona. Nilipiga kelele, akakanyaga breki, gari likaserereka kwenye changarawe na kusimama hatua chache kutoka kwa dume jeusi.

Mtoto aliamka akilia. Baba hakusema neno. Alisubiri ng'ombe wa mwisho apite, kisha tukaenda taratibu mpaka Mugumu.

Usiku ule ule nililipeleka jambo hilo kwenye kundi la familia la WhatsApp. Kaka yetu mkubwa, anayeishi Mwanza, alijibu kwa kifupi: "Mzee asiendeshe tena. Chukueni funguo." Dada, mama wa yule mtoto, akaunga mkono. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika habari za afya, nikapewa kazi ya kumwambia.

Hoja nilikuwa nazo. Baba ana miaka 67. Jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha takribani theluthi moja tu ya mwanga unaopita kwenye jicho la kijana wa miaka 20. Ongeza hapo mtoto wa jicho, ukungu unaojijenga polepole kwenye lenzi mpaka taa za gari linalokuja mbele zinamtawanyikia mtu machoni. Haya yote nimeyaandika gazetini mara nyingi.

Lakini kuandika ni jambo moja, na kumwambia mzee wa Kikurya aliyesomesha watoto watano kwa mshahara wa ualimu kwamba hafai tena kuendesha gari lake ni jambo jingine. Corolla ile kuukuu aliinunua kwa kiinua mgongo chake. Ndiyo inayompeleka mama kliniki ya presha. Ndiyo inayogongewa hodi usiku jirani akishikwa na uchungu. Ukimwondolea funguo, unamwambia akae nyumbani asubiri kuhudumiwa.

Asubuhi nilimkuta ameshafungua boneti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hebu twende kwa fundi. Taa ya kushoto imekufa, na ya kulia naona kama haina nguvu."

Nikasema moyoni kwamba nitamwambia tukiwa njiani. Tulifika kwa fundi sijasema kitu.

Fundi wa umeme wa magari alikuwa kijana wa rika langu. Alivua mpira unaofunika nyuma ya taa, akashika soketi ya globu na kuivuta. Haikutoka. Akaitikisa kidogo kidogo mpaka ikaachia, akaiweka kiganjani na kumwonesha baba. Plastiki ilikuwa imeyeyuka na kugeuka rangi ya ukoko wa ugali. Waya zake zilikuwa zimekakamaa. Akafungua upande wa kulia. Hali ilikuwa hiyo hiyo, ila haikuwa mbaya kama ya kushoto.

"Mzee, huku kumeungua siku nyingi," alisema. "Hapo ulikuwa unaendesha kwa mwanga wa koroboi."

Nilimuuliza inakuwaje taa iungue soketi lakini iendelee kuwaka. Akanieleza kwamba globu ya aina ile, H4, ina miguu mitatu ya bati inayoingia kwenye soketi. Miguu ikishikwa vizuri, umeme unapita bila taabu. Vishikio vikilegea au vikishika kutu, umeme unapita kwa shida, na pale penye shida ndipo joto linapozaliwa. Joto linalegeza vishikio zaidi, na kulegea kunaongeza joto. Wakati huo umeme unaofika kwenye globu unazidi kupungua. Ukipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Kwa kuwa hali hii inakuja polepole, dereva anaizoea bila kujua.

Nikaanza kuona aibu. Tulikuwa tumemhukumu mzee, kumbe taa ndizo zilizokuwa zimechoka.

Kisha fundi akaigeuza globu mkononi, akasoma maandishi yake.

"Mzee, hii ni ya wati 100. Gari hili linatumia wati 55 kwa taa ya chini na 60 kwa taa kali. Nani alikuwekea hii?"

Baba alikaa kimya kidogo. "Niliitaka mwenyewe," akasema. "Mwaka jana nilianza kuona barabara ina giza. Nikadhani taa zimezeeka, nikanunua kali zaidi."

Fundi hakusema zaidi, akainama kwenye kazi yake. Nami nikaelewa kwamba sisi watoto tulikuwa sahihi nusu, na baba alikuwa sahihi nusu. Macho yake yalianza kupungua nguvu kabla ya taa. Badala ya kutuambia, alinunua globu kubwa. Globu ya wati 100 inavuta karibu mara mbili ya umeme uliokusudiwa, na joto kwenye vishikio linapanda zaidi ya mara tatu. Soketi hazikuhimili. Zikaungua, mwanga ukafifia, naye akazidi kuona giza na kuzidi kunyamaza.

Matengenezo yalichukua chini ya saa mbili. Fundi alichomoa waya hasi wa betri kwanza. Akakata waya zilizoungua, akaendelea kukata mpaka alipofikia shaba inayong'aa, kwa sababu shaba iliyokwisha kuwa nyeusi haishiki vizuri. Akaweka soketi mpya za kauri, ambazo haziyeyuki kama plastiki, akaunganisha kila waya kwa risasi ya kuchomelea na kufunika kila kiungo peke yake ili visigusane. Globu zote mbili akazitupa, hata ile iliyokuwa bado inawaka. Alisema mguu wa globu uliokwisha kuungua utaiunguza na soketi mpya. Akaweka mpya za wati 55 na 60, akizishika kwa kitambaa, maana mafuta ya vidole kwenye kioo hufupisha uhai wa globu. Mwisho akawasha taa na kupima kwa mita umeme wa betri na ule unaofika kwenye soketi. Tofauti isizidi nusu volti, alisema.

Baba alimuuliza kama anaweza kuweka fyuzi kubwa zaidi kwa usalama. Fundi akacheka. "Hapo mzee utaunguza gari zima. Fyuzi inatakiwa ikatike kabla waya haujaungua."

Tukiwa tunarudi, baba ndiye aliyeanza. "Niulizie kliniki ya macho iko siku gani." Wiki iliyofuata nilimsindikiza. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na la kulia lilikuwa limefikia hatua ya kufanyiwa upasuaji. Jioni yake alimpigia kaka simu mwenyewe, nikamsikia akisema: "Funguo zinabaki kwangu. Usiku ataendesha mdogo wako, mpaka nitakapotibiwa."

Mzazi mwenzao, au wewe mwenye mzazi anayeendesha, ukisikia mzee analalamika kwamba barabara zimekuwa na giza, fanya mambo mawili, usichague moja. Vueni soketi za taa mzitazame. Mkiona plastiki imebadilika rangi au mkisikia harufu ya kuungua, zibadilisheni pamoja na globu. Kisha mpeleke akapimwe macho. Akikwambia ameshanunua globu kali zaidi, usimpongeze. Muulize kwa upole ameanza lini kuzihitaji.